Chemchemi Isiyo na Anwani

Mhadhiri wa utalii alithibitisha, kwa kurasa arobaini, kwamba chemchemi ya nyuma ya nyumba ya shangazi yake imebaki safi kwa sababu watu hawaijui. Makala ilisifiwa mno, na watafiti wenzake wakaja kwa mabasi kuhakikisha.

“Wewe mtoto, wasomi wako wamekanyaga mboga zangu, na maji sasa ni tope!”

“Wanajifunza uendelevu, shangazi.”

“Wakajifunzie kwao!”

Shangazi akahamia chemchemi ya juu kilimani. Mhadhiri akaitafiti nayo, ila safari hii hakutaja mahali. Jarida likaikataa makala kwa kukosa eneo la utafiti, na uprofesa ukampita.

Shangazi alipoelezwa alimtengea kiti. “Hapo sasa umesoma,” alisema.