Kinyozi Aliyebana Pumzi

Kinyozi wetu, tuliyembatiza Mzee Karafuu, alishikilia kwamba kinywa chake kinanuka. Nani alimwambia? Hakuna! Aliona tu kila mteja akikaa kitini huinamisha kichwa kushoto, uso umemkunjamana. Basi miaka saba mizima akatafuna karafuu, akanyoa watu huku amebana pumzi.

Mkewe alimnusa kila asubuhi. "Baba watoto, hunuki." Daktari wa meno akamkagua ulimi na fizi, akasema hivyo hivyo.

"Mnanistahi tu," akawajibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Adhuhuri moja, kibanda kikiwa kitupu, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha wateja, akafumba kinywa kabisa, akavuta hewa kwa pua ajue ukweli. Harufu ikaja, nzito, ya moto, kama nyama iliyovunda. Ikapotea. Ikaja tena taratibu, kama mtu anayepumua, ikimpuliza sikio la kulia.

Akainamisha kichwa kushoto. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yeye hunyoa akiwa amesimama kushoto kwa mteja. Miaka yote hiyo wateja hawakuwa wakimkwepa. Walikuwa wakimkimbilia.