Maombi ya Mama Sindano

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Mama Sindano alikuwa akipanda kwenye jukwaa la tangi la maji nyuma ya vyoo, akainua simu juu kama mtu anayeanika kitambaa. Hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Chini yake makao ya watoto yalikuwa bado yamelala: mabweni mawili, jiko, kanisa lisilo na mlango, na barabara ya vumbi inayoenda mbali mpaka macho yanachoka.

Alikuja na kwaya ya kanisa lao kujitolea wiki moja. Wenzake walipaka kuta rangi na kupiga picha na watoto. Yeye fundi cherehani alikaa kwenye kigoda, akashona kaptura zilizopasuka makalioni. Siku ya kuondoka, mama mlezi wa makao alimshika mkono.

"Mdogo wangu, hawa unawaachaje? Baki kidogo tu, mpaka tupate mtu."

Gari likaondoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa cherehani, akapewa sufuria, akapewa na bweni la watoto wadogo. Wa kumpokea hakutafutwa. Nani anahangaika na ng'ombe mwingine wakati anayekamuliwa hapigi teke? Wageni wakija, anasimamishwa mbele: "Dada yetu huyu ameacha vyote!" Makofi. Kilemba cha ukoka hicho alikivaa akitabasamu, shingo inamuuma.

Lakini hakuwa ameacha vyote. Aliacha binti mdogo, ndiyo kwanza anajifunza kusema, kwa mama yake mzazi. Wiki moja ile ikawa mwaka, na mwaka ukaanza kuzaa mwingine.

Asubuhi moja simu ilishika vizuri.

"Mpe niongee naye, mama."

"Haya, njoo wewe. Mama yako huyu."

Sauti ndogo ikaja. "Shikamoo, shangazi."

"Shangazi gani? Mimi mama!"

"Mama si huyu hapa?" mtoto akauliza, sauti ikisogea mbali na simu, kuelekea kwa bibi yake.

Bibi akachukua simu, akacheka kicheko kisicho na meno wala furaha. "Utoto tu, mwanangu. Lakini njoo. Akishazoea hivi, kumzoesha upya ni kazi."

Mama Sindano alishuka, akaenda moja kwa moja ibadani. Angeweza kumfuata mama mlezi akamwambia, naondoka. Ila alivyolelewa, jambo zito halisemwi kavukavu, huwekwa kwanza kwenye maombi. Zamu yake ilipofika akasimama.

"Niombeeni. Nataka kurudi kwa mwanangu."

Mchungaji akavua miwani. "Wapendwa, adui huanzia penye kazi njema."

Wakamzunguka, mikono kichwani, mikono mabegani. Mpishi, kiganja kinanuka kitunguu, alimsukuma paji la uso mpaka nusura aanguke.

"Tunaikemea roho ya kurudi nyuma!"

"Ishindwe!"

Watoto waliitikia amina kwa nguvu kuliko wote, maana walikuwa na njaa. Na kinywa cha Mama Sindano, kwa mazoea, nacho kikasema amina. Alipokisikia akatambua ameyaitikia maombi yao dhidi yake mwenyewe. Mlango ameufunga kwa mkono wake.

"Unajisikiaje, mdogo wangu?" mama mlezi akamuuliza.

"Mzito."

"Enhee! Inatoka hiyo."

Jikoni, mpishi alimsogezea chai. "Usinichukie, dada. Hata mimi niliombewa vilevile. Nilikuja kwa ajili ya Pasaka tu."

"Pasaka ipi?"

Mpishi alikoroga sufuria. Akakoroga tena. "Hata sijui," akasema, kisha akacheka peke yake.

Mama Sindano aliiacha chai ikifuka moshi. Akapita uani, akapita mabwenini. Kitoto kimoja cha bweni lake kikamshika sketi.

"Unaenda wapi?"

"Kwa mtoto wangu."

"Mimi je?"

Alichuchumaa, akakifuta kamasi, akakifungulia vidole kimoja kimoja, taratibu, asikiumize. Kikaanza kulia. Dirisha la ofisi likafunguka, mama mlezi akachungulia.

"Wee Mama Sindano! Unaenda wapi? Ngoja basi tukuombee!"

"Niombeeni nikiwa njiani, dada!"

Hakugeuka, maana alijijua, akigeuka atabaki. Kilio kilimfuata mpaka langoni, kikavuka naye, kikamwandama barabarani kitambo kirefu. Alitembea nacho hivyohivyo, naye analia, wala hakurudi tena.