Mkwaju wa Shemeji

Pale kituo cha redio, mwanamke anayetunza kompyuta huitwa Mama Nakala, na jina hilo hakulipata bure. Ana miavuli miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini. Ufunguo wa ziada kauweka kwa jirani, na mwingine kwa jirani wa jirani, endapo yule wa kwanza atasafiri. Chumvi ananunua kabla ya ile ya zamani kufika nusu. Mdogo wa mumewe, ambaye ni mtangazaji hapohapo kituoni, hupenda kumchokoza mbele za watu.

"Shemeji, sema ukweli. Mimi ndiye nakala ya kaka, au siyo?"

"Wewe ni faili lililoharibika," humjibu bila hata kugeuka. "Halifunguki, na linajaza nafasi."

Chumba chake ni kidogo na hakina dirisha, lakini kina kiyoyozi, tena ndicho pekee kituo kizima. Kiyoyozi ni cha seva, ile mashine inayohifadhi vipindi vyote, siyo cha binadamu. Ila binadamu nao wana ngozi. Jua likiwaka tu, mhasibu anakuja kuuliza habari za watoto, fundi sauti anakuja kutafuta waya, na hakuna anayeondoka. Meneja naye akaionja ile baridi, ikamkolea. Akatangaza kwamba chumba kitakuwa cha kupokelea wageni, na seva ihamie koridoni, pembeni ya bomba la maji.

Mama Nakala aliinuka kitini.

"Kwenye bomba, bosi? Mashine haiogi!"

"Si unasema kila kitu kina nakala? Ikiharibika utarudisha."

"Nitarudisha."

"Basi nionyeshe. Tufute kipindi kimoja hapahapa, ukirudishe. Kikirudi, chumba chako. Kisiporudi, koridoni."

"Futeni changu!" shemeji akadakia kutoka mlangoni. "Cha salamu, kinachoruka leo mchana. Shemeji yangu hashindwi. Na akishindwa, mimi nina wageni wengi sana."

Mama Nakala aliandika amri ya kufuta kwenye skrini nyeusi, akamwachia shemeji abonyeze mwenyewe. Shemeji alikunja mkono wa shati, akakiinua kidole juu kama mpiga ngoma, akakishusha. Kipindi kikaenda na maji.

Sasa ikabaki kukirudisha. Nakala zilitakiwa kuwa kwenye diski ya nje, iliyopewa jina la akiba. Diski hiyo ilikuwa mpya. Ilipoletwa, Mama Nakala alikuwa nyumbani na mguu ulioteguka, kwa hiyo alimwelekeza shemeji kwa simu jinsi ya kubadilisha amri, ili nakala ziache kwenda kwenye diski mbovu na ziende kwenye mpya. Tangu hapo kila asubuhi skrini ilimwandikia "imekamilika," naye akaridhika. Yeye huyo anayechungulia kopo la chumvi kila siku, diski hakuichungulia hata mara moja.

Aliifungua. Nyeupe. Hakuna hata faili la kusingizia.

Jasho lilimtoka mbele ya kiyoyozi. Meneja alikuwa ameshaanza kupima ukuta kwa mikono. "Kochi litakaa hapa. Meza ndogo pale."

Shemeji alisogea akanong'ona, na sauti yake ya redioni ilikuwa imepotea. "Shemeji, utani pembeni. Mchana nitawaambia nini wasikilizaji?"

"Wasalimie kwa mkono."

Lakini kichwa kilikuwa kinachemka. Mashine ikisema imekamilika, basi kuna kitu imekipeleka mahali. Mashine haina ujanja, ina utii tu. Akaiamuru iorodheshe kila kilichomo kwenye folda yake mwenyewe, humohumo ndani ya seva. Majina yakashuka, na katikati yao akaona folda ambayo hakuwahi kuiunda. Iliitwa mkwajuakiba.

Aliisoma mara mbili, mabega yakaanza kumcheza.

"Shemeji. Siku ile kwenye simu nilikwambia uandike nini?"

"Mkwaju, halafu akiba. Bila kuacha nafasi."

"Na wewe ukaandika?"

"Mkwaju, halafu akiba! Eme, ka, wa..."

"Mkwaju ni ule mstari ulioinama, wewe mwanaume! Uko hapo kwenye kibodi! Bila huo mashine haikwenda kwenye diski, ikajiundia folda humu ndani!"

"Ungesema mstari! Mimi niliambiwa mkwaju, nikasema hawa mafundi wana mambo yao."

Fundi sauti alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Nakala aliifungua ile folda, na ndani vipindi vyote vilikuwa vimejipanga, vimenona, vikiwemo vya salamu. Akaandika amri ya kurudisha, na cha mchana kikarejea mahali pake. Shemeji alikibusu kioo cha skrini.

Meneja alikunja uso. "Ina maana nakala ilikuwa ndani ya mashine hiihii? Na kama ingeungua?"

"Tungeungua nayo, bosi," alisema Mama Nakala. "Hapo nimekosea. Nilipaswa kuchungulia."

Meneja alitazama kiyoyozi kwa huzuni, kama mtu anayeaga. "Haya. Kipindi kimerudi, chumba chako. Lakini ninyi wawili sitaki mwelekezane tena kwa simu. Meza ya huyu iletwe humuhumu, mkielekezana muonane."

Meza ililetwa kabla hajamaliza kusema. Shemeji alinyoosha miguu, akakohoa, akaanza kuinyoosha sauti. Mama Nakala aliweka mkwaju kwenye ile amri kwa kidole chake mwenyewe, akasubiri taa ya diski ianze kupepesa, kisha akafungua ndani akahakikisha kwa macho.

"Tutaishi vizuri humu, shemeji," mwenzake alisema.

"Utaishi vizuri ukinyamaza."

"Mtangazaji anyamaze?"

"Hewani ongea utakavyo. Humu ndani pumua tu, tena polepole."