Mguu wa Jakaranda

Mguu wa kulia wa dada yangu ulikuwa wa jakaranda. Baba aliuchonga mwenyewe katika banda la wachongaji kule Pumwani, kwa kuwa jakaranda ni mti mwepesi, na hakuna mzazi atakayemfunga mwanawe kipande cha mpingo. Mvua za masika ziliuvimbisha, kiangazi kikaupasua. Baba aliziba nyufa kwa vumbi la msasa lililokorogwa na gundi, na juu yake dada akazungusha ukanda wa mpira wa tairi. Ukija kwetu Shauri Moyo ungemsikia kabla ya kumwona: ko, kimya, ko.

Nilihitimu uhandisi wa mitambo katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na uchu wa uhandisi mwingine, ule unaoingia ndani ya mwili wa binadamu. Nilitaka shahada ya uzamili, na nyuma yake, kama mlima unaochungulia nyuma ya kilima, uzamivu. Nilishinda katika maktaba moja mjini nikipekua vijitabu vya vyuo vya Uingereza, vyenye picha za nyasi zilizonyolewa na vijana wenye skafu. Nikaomba, nikasubiri.

Chuo cha kwanza kunijibu kilifundisha viungo bandia. Kozi ya mwaka mmoja, kazi ya karakana tu, kisha nyumbani. Kila mwanafunzi alimtengenezea mtu halisi kiungo, na aliyetoka ng'ambo aliruhusiwa kuja na vipimo vya mtu wa kwao. Nilipowasomea sentensi hiyo, Mama aliacha kupepeta mchele. Dada alinyoosha mguu wake mbele ya sofa.

"Nataka wenye vidole," alisema. "Nipake rangi."

Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari. Alasiri ile akina mama wa jumuiya yetu walijaa sebuleni, wengine kwenye stuli za kuazima, wengine mlangoni. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa kutoka magharibi aliyeuza mboga na kuomba kwa sauti ya mtu anayeita gari la mbali, aliwaamuru wote waweke mikono juu ya mti.

"Bwana, huu umefanya kazi yake! Tunauaga!"

"Mama, uage polepole," dada akasema. "Ukivunjika leo nitakuja kwako mgongoni."

Kicheko kiliwaangusha wengine kutoka kwenye stuli. Ndipo Baba akasimama. Baba hakuwa mtu wa kutoa ushuhuda. Alisema kwamba katika pembe ya banda alikuwa ameweka gogo la jakaranda, likikauka tangu mwaka uliotangulia, ili liwe mguu utakaofuata. Sasa, alisema, kwetu mtu aliyeomba haendelei kushikilia cha zamani, maana huko ni kumwambia Mungu kwamba humwamini. Kwa hiyo alilitoa. Wenzake walikwisha kulipasua na kulichonga vinyago vya twiga.

Vigelegele vilitikisa bati. Nilipiga makofi na wengine, machozi yananitoka.

Barua ya chuo cha pili ilikuja baada ya hapo. Nimeliwaza jambo hilo mara nyingi: kwamba ingetangulia, gogo lingekuwa bado pembeni. Chuo hiki kilitaka miaka miwili ya utafiti wa mfupa: namna unavyokufa ukishambuliwa na ugonjwa, na kama unaweza kuoteshwa tena. Chini ya barua, profesa alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba wanaofanya vizuri hubaki kwa uzamivu. Kozi ya viungo bandia haikuwa na utafiti wowote. Ilikuwa nyumba nzuri isiyo na mlango wa nyuma.

Dada hakugongwa na gari wala hakuzaliwa hivyo. Mfupa wake ulioza akiwa mtoto, kijijini kwetu Ukambani, na alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kuokoa. Vyuo vyote viwili, basi, vilihusu mguu wake. Kimoja kingempa mwingine. Kingine kingeuliza kwa nini wa kwanza ulipotea.

Nilimkuta uani akipiga msasa. Kazi za banda zilimaliziwa nyumbani kwetu. Karo yangu ya shule ilitoka katika vidole vyake vilivyokwaruzika. Mapajani alikuwa na twiga, na mti wake ulikuwa ule mweupe, mwepesi.

"Sasa, injinia," alisema bila kuinua macho. "Mbona unanitazama kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa?"

"Kuna chuo kingine."

"Najua. Mtu mwenye chuo kimoja haendi kusoma barua chooni."

Nikamweleza. Alisikiliza huku mkono ukiendelea, juu, chini, kwenye shingo ya mnyama yule.

"Na wangu, huo utafiti utaurudisha?"

"Hapana."

"Ni wa nani basi?"

"Wa mtoto fulani. Baada ya miaka mingi. Pengine isiwezekane kabisa."

"Mtoto fulani," alirudia. Alipuliza vumbi. "Huwezi kuanza na mguu wangu, halafu uende kwa huyo mtoto?"

"Nafasi hii haitanisubiri."

"Na wewe unataka ipi?"

"Ya mfupa."

Jibu lilitoka haraka mno, na lilitoka likiwa na furaha. Sote wawili tuliisikia. Ningeweza kulisema kwa sauti ya mtu anayelazimishwa. Angalau ningempa heshima hiyo. Kosa, kama ni kosa, naliona pale, katika furaha ile iliyoruka kinywani kama mtoto anayemkimbilia mgeni.

Dada alimweka twiga chini.

"Kamwambie Baba mwenyewe," alisema. "Na usimwambie nimekuruhusu. Sijakuruhusu. Nimekuuliza tu."

Baba alinisikiliza bandani, tezo mkononi. Nilitegemea ghadhabu, na nadhani niliitamani. Aliuliza ninaondoka lini. Nikasema Septemba. Aligeuka akatazama pembe tupu.

"Jakaranda mbichi haikauki kufikia Septemba," alisema.

Wiki ile ile alitafuta gogo jipya, akalileta kwetu begani, akapaka ncha zake nta ili maji yatoke polepole mti usipasuke. Alilisimamisha nyuma ya mlango. Akina mama wa jumuiya waliokuja kusalimu waliliona, na maombi yao yakawa mafupi. Hakuna aliyenisema. Yule jirani alinishika mkono tu, akaushikilia kupita kawaida, kisha akauliza kama huko niendako kuna mboga.

Asubuhi ya safari Mama alitoka na mkoba wangu. Nilibaki sebuleni, nikaliinua gogo lile kujaribu uzito wake. Lilikuwa bado limejaa maji. Nililiinua kidogo tu nikalirudisha. Dada alikuwa amekaa kwenye sofa, akifunga mpira juu ya ufa mpya.

"Liache," alisema. "Utachelewa."