Mwandishi wa Barua Nje ya Ofisi ya Leseni

Miaka ile mafuta yalipoijaza Jeddah majengo mapya, mwandishi wa barua aliketi kivulini nje ya ofisi ya leseni. Kabla ya kuandika huipapasa karatasi mara tatu, taratibu, macho yakielea juu ya winchi za ujenzi kana kwamba maneno hushukia huko. Asubuhi hiyo Mwatima alikuja kwa ajili ya mwanawe, aliyekamatwa akiendesha gari huku amelewa. Leseni ilisema ana miaka kumi na tisa, na mtu mzima angechapwa viboko, kisha arudishwe Unguja walikotoroka. Mtoto hunyang'anywa leseni tu.

"Andika umri wake wa haki, maalim. Kumi na sita. Ile mitatu tulimwongeza kwenye ombi la leseni, apate kazi ya udereva."

"Tulimwongeza nani na nani, bibie?"

"Mimi nawe. Ukanicheka, ukasema huyu hata ndevu itabidi akope."

"Sikusahau," alisema, kwa sauti ya kubembeleza usingizi. Akaandika polepole, akimsomea kila neno: mama hakujua lolote, aliyeongeza miaka ni mwenye mwandiko huu. Akatia sahihi, akampa barua, akaanza kukunja kiti chake.