Trekta la Kimuli na Ng'ombe wa Mahari

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, sikukaa chini tangu alfajiri. Hata leo unaniona, nikikaa kidogo nimeshasimama, na bibi yako ananiita kiguu na njia. Basi wakati ule nilikuwa mara kumi ya hivi. Nilikuwa nimesikia kwamba kule Kimuli kuna mzee anauza trekta kuukuu, na yuko tayari kupokea ng'ombe wa maziwa badala ya pesa, na tangu nisikie, hata ndizi zilikuwa hazipiti kooni.

Ilikuwa miaka ya themanini. Hapa Ihanda karibu sote tulilima kwa jembe la mkono. Mimi nilikuwa nimefanya kibarua kwenye shamba moja kubwa, wakanifundisha kuendesha trekta, na ukishakaa juu ya kile kiti cha chuma ukaona udongo unavyogeuka nyuma yako, jembe la mkono linakuwa adhabu. Nikajiambia, nikipata la kwangu, nitawalimia watu mahindi na maharage kijiji hadi kijiji. Nilishajiona.

Tatizo lilikuwa Bihogo. Huyo alikuwa ng'ombe wetu mwekundu, mwenye maziwa mengi, ndiye peke yake aliyebaki baada ya baba kufariki. Na Bihogo alikuwa na safari yake tayari: alikuwa aende kwa wazazi wa Yustina, kama mahari. Baba yake Yustina alikuwa amesema waziwazi kwamba ng'ombe asipofika kabla kahawa haijavunwa, kuna kijana mwingine anabisha hodi. Mimi nikapiga hesabu zangu za haraka: nitoe Bihogo nipate trekta, nilime msimu mmoja, ninunue ng'ombe mwingine, nimuoe Yustina. Rahisi kabisa! Kijana akiwa na haraka, kila kitu ni rahisi.

Baba mdogo Anatoli, aliyetulea baada ya baba, hakunikatalia. Alinisikiliza, akatema mate pembeni, akasema, "Twende wote." Alikuwa hajui trekta hata kidogo. Alichojua ni ng'ombe tu.

Tukatoka giza likiwa bado lipo, mimi mbele nikimvuta Bihogo kwa kamba, baba mdogo nyuma na fimbo yake, taratibu, kila mtu tunayekutana naye lazima amsalimie na kumuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Nilitamani kumbeba mgongoni nikimbie naye. Njiani mtu mmoja akatuambia kwamba kuna mfanyabiashara wa Songambele naye ameliulizia lile trekta, anakuja kesho. Weee! Kuanzia hapo sikusikia tena kitu chochote.

Tulifika alasiri. Kabla hatujaliona, tulilisikia likinguruma. Mzee Laurenti, mwenye trekta, alikuwa amekaa juu yake anatusubiri, maana nilishamtumia salamu kwamba tunakuja. Lilikuwa jekundu, limeoshwa, tairi zimepakwa rangi nyeusi. Nikampa shikamoo huku macho yangu yakiwa kwenye usukani. Akanipandisha, nikalizungusha uwanjani, nikashuka meno yote nje.

Baba mdogo akaweka kiganja kwenye boneti, akakitoa upesi.

"Huyu ametoka wapi? Ana joto la mtu aliyekimbizwa."

Mzee Laurenti akacheka, akasema lilikuwa likifanya kazi shambani. Mkewe akaleta kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na mirija. Unajua kwetu mambo yalivyokuwa. Mkishakunywa pamoja na kamba ya ng'ombe ikashikwa na mwenzako, mauzo yameisha. Huwezi kesho kurudi ukasema nimebadili mawazo. Nikanyoosha mkono kuchukua mrija.

"Tutakunywa kesho," akasema baba mdogo. "Ng'ombe wa maziwa hanunuliwi mpaka umemwona akikamuliwa asubuhi. Na huyu nataka kumwona akiamka."

Mwanangu, niliona aibu nikataka ardhi inimeze. Baba mdogo Anatoli, ambaye sijawahi kumwona akikataa rubisi maishani mwake, anaikataa kwa watu, mbele ya mke wa mtu! Mzee Laurenti akafunga mdomo wa kibuyu kwa jani. Nikamvuta baba mdogo pembeni.

"Baba mdogo, trekta si ng'ombe. Wa Songambele anakuja kesho!"

"Akija atatukuta."

Alichofanya baadaye kilinimaliza kabisa. Alikwenda kwenye migomba, akakata jani bichi, pana, zima, akalitandika chini ya tumbo la trekta kama anamwekea ndama malalo. Watoto wa pale wakacheka. Mimi nilimchukia, nakuambia ukweli. Nikalala kwenye mkeka wa watu nikigeuka kama samaki kwenye kikaango, naye anakoroma.

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umejaa bondeni. Ndipo nilipoona jambo ambalo jana sikuliona: trekta lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Mzee Laurenti akapanda, akawasha. Likakohoa kidogo, likanyamaza. Akajaribu tena. Kimya.

"Ni betri tu," akasema. "Baridi hii."

"Ni betri tu!" nami nikadakia haraka, kama mimi ndiye muuzaji.

Tukalisukuma. Liliteremka, likarukaruka, likawaka, na moshi mweupe ukaifunika migomba yote ya jirani. Nikapiga makofi. Linawaka! Nilipogeuka nimwonyeshe baba mdogo, nikamkuta amechuchumaa pale lilipolala, anavuta lile jani la mgomba. Akalileta kwa mikono miwili, polepole, kitu kisimwagike.

Katikati ya jani kulikuwa na oili. Lakini haikuwa nyeusi. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Baba mdogo hakujua maana yake. Mimi nilijua. Kule kibaruani niliwahi kuona injini moja iliyotoa oili ya namna ile, na fundi akatuambia maji yameingia ndani, injini ikiendelea kufanya kazi hivyo itakufa. Nilijua, mwanangu, na bado mdomo wangu ukasema, "Si kitu. Nitalitengeneza."

Baba mdogo akaliweka jani chini. Ndipo akanikemea, na hakupandisha sauti.

"Unaoa trekta au unaoa Yustina? Bihogo ni wako, aliachwa na baba yako, mimi sikushiki mkono. Kamba ile pale. Mpe mzee. Lakini ukishampa, usije kulia mlangoni kwangu nikakuombee airudishe, na usinitume kwa baba yake Yustina nikamwambie mahari inakohoa huko Kimuli."

Nikaenda kwenye kamba. Niliifungua kabisa pale kwenye mti, nikaishika. Mkono mmoja ulitaka kwenda kwa Mzee Laurenti. Nikamtazama yule mzee usoni, nikamuuliza, "Mzee, wewe ulilinunua saa ngapi?"

Sijui swali lile lilitoka wapi. Mzee Laurenti akalizima trekta. Akasema, "Mchana, kijana wangu. Nililikuta linanguruma, kama wewe ulivyolikuta."

Nikageuza kamba, nikamwelekeza Bihogo njia ya nyumbani.

Rubisi hatukuinywa. Nilitembea mbele peke yangu kwa hasira mpaka karibu na Ihanda. Kahawa haijaanza kuiva, Bihogo akaingia kwenye boma la baba yake Yustina. Huyo Yustina ndiye anayekuita ule sasa hivi, na wewe unajifanya husikii.

Trekta lile? Wa Songambele alifika, akaona jani, akaondoka. Mzee Laurenti akaleta fundi. Baadaye akaniita nikamwendeshee. Nililala kwake msimu mzima, nikaliwasha kila asubuhi kwenye baridi, nikajua linapokohoa kwa sababu ya dizeli na linapokohoa kwa ubishi. Nikajua mteremko upi linaupanda na upi litakuangusha ukijaribu. Halafu ndipo nililinunua, kwa jasho la kulilimia, na asubuhi tuliyokubaliana nilimletea rubisi mwenyewe. Lilinilimia miaka. Lilikuwa bovu, lakini ubovu wake niliufahamu wote.

Sasa wewe umepata habari za trekta kuukuu huko Kyerwa, umenionyesha picha kwenye simu, linang'aa, na unataka uondoke kesho urudi kesho. Sikukatazi. Kitu kizee si kibaya. Mimi mwenyewe ni kizee. Ninachokuambia ni hiki: usinunue kitu kikiwa na joto, na usimwamini mtu kwa sababu amekukaribisha akicheka. Ngoja kipoe. Ngoja pakuche. Kitazame kinavyoamka, na kama unakijua kinachokisumbua, usijidanganye kwamba hukijui. Wa Songambele wako wengi, watakuja kila siku kukuharakisha, na wengine hata hawapo, wametajwa tu.

Chukua blanketi hilo hapo kitandani, ukalale huko. Jani la mgomba utakata kwao.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu ya kufika na moyo wa kungoja asubuhi, na akurudishe mikono ikiwa imeshika kitu unachokijua. Baba mdogo Anatoli, huko aliko, akusindikize. Haya, inuka ukale kwanza, bibi yako ameshakasirika.