Maua Mekundu Mgongoni kwa Baba Mkubwa

Jamani, kuna aibu mtu unaificha hata kwa mumeo, sema yangu mume wangu anaijua kuliko mimi, kwa hiyo acha niwasimulie tu.

Edga, mchumba wangu, alikuwa anatuma watu wake kutoka Mofu waje kuleta posa kwetu hapa Ifakara. Mama yangu, bila kuniuliza, alishawatangazia kwamba binti yake anadarizi vitambaa vya makochi kuliko yeyote mtaani (nilikuwa nimedarizi viwili tu maishani, kimoja kikapinda). Basi nikaenda kwa Bi Zuwena, muuza nyuzi sokoni, nikalikuta fungu la uzi mwekundu unaong'aa mpaka unaumiza macho.

"Huo unachuja, mwanangu," Bi Zuwena akasema. "Chukua huu wa pamba, umepoa kidogo ila hautoki rangi. Au ulowanishe kwanza, uubane kwenye kitambaa cheupe uone."

Nikauangalia ule wa pamba, mwekundu wa kizee. Nikamwambia, "Shikamoo yako Bi Zuwena, ila vitambaa hivi havitaguswa na maji mpaka posa ipite." Nilijiona nina akili sana.

Nikadarizi wiki mbili, maua makubwa kwenye kitambaa cheupe, na cha kochi kubwa nikakiandika KARIBU. Siku yenyewe mama akavitandika, akawa anapita kila saa kuvinyoosha.

Wageni walikuwa wawili, baba mkubwa wa Edga na shangazi yake, wamepanda pikipiki, na mvua ikawakuta Idete. Wakafika wanachuruzika maji, baba mkubwa na shati lake jeupe limeganda mwilini. Mama akawapa kanga wajifute, wakajifuta nyuso basi, wakakaa, tena wakaegemea vizuri, maana safari ilikuwa imewachosha.

Nikaitwa. Nikapiga goti, shikamoo baba, shikamoo shangazi, nikaulizwa kama wageni nawafahamu, nikasema nawafahamu. Mama akadakia, "Na hivyo vitambaa mnavyoegemea ni kazi ya mikono yake." Baba mkubwa akajikandamiza zaidi kwenye kochi, akasema, "Kazi nzuri."

Kisha akasimama ili atuongoze kusali, akageukia msalaba wetu ulioko ukutani juu ya kochi. Hapo nikauona mgongo wake. Maua mawili mekundu, na katikati KARIBU imejiandika kinyumenyume, inamtiririka mpaka kiunoni.

Mama naye akaona. Akapiga kelele, "Yesu wangu!" na baba mkubwa, macho kayafumba, akaitikia "Amina" akazidisha sala.

Sasa mtu mwenye akili angetulia. Mimi nikachukua kitambaa kibichi cha kufutia meza, nikanyata, nikaanza kumfuta mgongoni taratibu huku anasali. Ua likawa dimbwi.

"Binti, kulikoni?"

"Mdudu, baba."

Shangazi akafumbua macho, akautazama mgongo wa kaka yake, akajivuta gauni kwa nyuma, akakuta na yeye ana ua lake. "Kumbe tumekuja kuposa au kupakwa rangi? Mke gani huyu, hata uzi hajui kuchagua!"

Nilikuwa nampenda Edga kwelikweli, na niliona kabisa anavyoniponyoka kwa ajili ya fungu moja la uzi. Machozi yakaanza kunitoka palepale mbele yao.

Baba mkubwa akavua shati, akabaki na singlendi, akalikunjua akalitazama muda mrefu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, tumeshagongwa muhuri, tutawaambia nini watu wa Mofu? Tukubali tu." Akanirushia shati. "Ila hili utalifua wewe."

Nililifua kwa dawa ya madoa siku tatu, likaishia kuwa la pinki lote, na harusini alilivaa hilohilo, akakaa mbele kabisa.

Mimi siku hizi uzi hauingii ndani kwangu kabla sijauloweka usiku kucha. Na mgeni akija amelowa, nampa kiti cha plastiki. Akiniona sina adabu, potelea mbali.